Siku Saba za Kitikiso

Kuna watu wakikuta mlango wazi hupita, na kuna watu wakikuta mlango wazi husimama wakauliza umefunguliwa na nani, na kwa ruhusa ya nani. Mwanamke wa hadithi hii ni wa kundi la pili, na haoni haya. Mchana alifanya kazi masjala ya hospitali, chumba kirefu chenye rafu za chuma hadi darini, ambako mgonjwa asiye na faili alihesabiwa hajawahi kuumwa. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye meza ya chakula na kikombe cha chai na kompyuta aliyoachiwa na mwanawe, akahariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu huisoma na karibu hakuna anayejua huandikwa na nani. Huandikwa na watu kama yeye, bila mshahara, kwa kupenda ubishi tu.

Huko mtandaoni alijulikana kwa jina la Mkasi. Alijichagulia mwenyewe na alilitendea haki. Makala isiyo na ushahidi kwake ilikuwa jipu, na jipu dawa yake kutumbuliwa. Kwa miaka sita alikuwa amependekeza zifutwe makala mia nne na ushee: waimbaji waliojiandikia sifa wenyewe, makampuni yaliyojipigia debe, na mganga mmoja aliyedai kutibu radi. Wahariri wenzake walimheshimu, waandishi wa makala hizo walimlaani, naye alilala usingizi wake wote.

Ili asije akampendelea mtu, alikuwa amejitengenezea orodha ya ajabu. Orodha ile ilificha vichwa vya makala. Ilionyesha mkia tu, yaani vyanzo: gazeti gani, tarehe gani, maneno yanafanana kiasi gani. Alijivunia orodha hiyo kuliko alivyojivunia cheti chake cha ndoa. Jumatatu moja asubuhi aliipitia, akaweka alama ya kufutwa kwenye makala tisa kabla chai haijapoa. Kwenye ya saba aliandika: "Vyanzo vinne, vyote vya miezi mitatu iliyopita, vyote vinasema maneno yaleyale. Umuhimu haujathibitishwa. Ifutwe." Kanuni ni kwamba mjadala huchukua siku saba, kisha mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa mamlaka ya kufunga mijadala, huamua kwa uzito wa hoja na si kwa wingi wa kura. Mkasi alifunga kompyuta akaenda kazini na amani yake moyoni.

Amani hiyo ilidumu mpaka saa saba mchana, simu ilipolia katikati ya mafaili.

"Mama," ilisema sauti ya shangazi yake, ambaye aliwaita hivyo watoto wote wa kike wa kaka yake. "Uko kazini?"

"Niko kazini, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize vizuri. Wewe si unajua mambo ya kompyuta?"

"Kidogo."

"Basi kuna mtu huko anaitwa Mkasi. Mwalimu wetu alikuwa ameiandika Kitikiso kwenye lile likamusi la dunia nzima, pameandikwa hadi jina langu, na picha. Leo huyo Mkasi ameamka na roho yake mbaya anataka kutufuta. Mtafute. Mwambie kama mkono unamwasha akakate kucha."

Mkasi alikaa juu ya boksi la mafaili. Kitikiso! Ngoma ya shangazi yake, ngoma aliyoisikia tangu akiwa na miaka tisa, mama yake alipofariki na Shangazi akamchukua, akamlea, akampeleka shule. Sasa Shangazi alikuwa na miaka sabini na sita, na mji mzima ulimwita Mama wa Kitikiso. Alikuwa amewafundisha mabinti wa shule vizazi vitatu. Kila mgeni mkubwa alipokuja, yeye ndiye aliyetangulia kutajwa, mtunzaji wa urithi wa mababu, na shada la maua likining'inia shingoni.

"Umenisikia?" Shangazi aliuliza.

"Nimekusikia."

"Utamtafuta?"

"Nitampata," alisema Mkasi, na hilo angalau halikuwa uongo.

Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Makala mia nne zilizotangulia zote zilikuwa na shangazi wa mtu ndani yake, ila yeye hakuwa ameliwaza hilo hata siku moja. Jioni ile alifungua ukurasa wa mjadala, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni hata pale kanuni zinapomkata mwenyewe, akaandika: "Nimegundua nina uhusiano wa kifamilia na mada hii. Sitapiga kura. Pendekezo linabaki kwa wengine kulipima."

Wengine walikuwa wameshaanza. Mwalimu, yule kijana anayesomesha sekondari aliyewafundisha mabinti ngoma kila Jumamosi pamoja na Shangazi, alikuwa amemimina malalamiko ya kurasa mbili yenye alama za mshangao kama mvua. "Mnaua utamaduni!!!" aliandika. Chini yake alijibu mhariri mmoja mzee ambaye wote walimwita Tanbihi, kwa sababu hakuamini kitu kisicho na namba ndogo ya chanzo juu yake. "Hatuui," aliandika Tanbihi. "Tunauliza. Nani alisema, lini, na alijuaje? Mpaka nijibiwe: Ifutwe."

Mkasi hakuweza kumkasirikia. Yeye mwenyewe angeandika hivyohivyo, pengine kwa ukali zaidi.

Akaamua kufanya kazi aliyoijua. Jumanne na Jumatano, wakati wa mapumziko, alifuata maneno yale "ngoma ya mababu yenye umri wa karne nyingi" kama anavyofuatwa mgonjwa aliyehama wodi bila faili. Redio ilikuwa imeyachukua kwenye gazeti la pili. Gazeti la pili liliyanakili kwenye gazeti la kwanza. Mwandishi wa gazeti la kwanza, alipopigiwa simu, alisema bila aibu, "Dada, si yamo kwenye kamusi elezo?" Kwa hiyo makala ilithibitishwa na gazeti, na gazeti lilithibitishwa na makala, wakawa wanashikana mikono na kuzunguka. Kilichobaki kilikuwa kijitabu cha shule, na hicho aliyekiandika ni Mwalimu.

Alimkuta Mwalimu kwenye chumba cha walimu akisahihisha madaftari, chaki mpaka kwenye kiwiko. Kijana alimkaribisha kwa furaha, maana hakujua anamkaribisha nani.

"Hivi wewe uliyapata wapi, kuhusu umri wa ngoma?" Mkasi aliuliza.

"Kwa mwenyewe! Kwa shangazi yako. Kuna chanzo gani kikubwa kumshinda yeye?"

Kumbe njia zote zilikuwa zinaelekea nyumba moja yenye mlango wa buluu, mitaa miwili kutoka kwake.

Alhamisi alasiri alimkuta Shangazi akipiga pasi sketi za wachezaji, sketi kumi na mbili za njano zimepangwa kitandani. Alisalimia, akaketi, akakataa maji, kisha akaona kuchelewesha ni kujichosha.

"Shangazi, nimekuja na mambo mawili. La kwanza ni langu. Yule Mkasi ni mimi."

Shangazi alisimamisha pasi. Alimtazama mtoto wa kaka yake kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, taratibu, kama anayetafuta alipokosea katika malezi.

"Wewe."

"Mimi."

"Nimekaa hapa siku nne nakuombea mikono ipooze!"

"Ndiyo maana jana niliangusha mafaili."

Shangazi alijitahidi kushikilia hasira, na kweli aliishikilia kidogo. "Unanifuta mimi? Mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu?"

"Sikuona jina, Shangazi. Nilificha majina ili nisimpendelee mtu."

"Basi hongera, hukumpendelea mtu." Kicheko kilimponyoka puani, akakifuta kwa mgongo wa mkono. "Na la pili?"

"La pili ni lako. Haya maneno ya karne nyingi nimeyafuata kote, magazeti, redio, shule. Yote yanaishia kwenye hiki kiti. Wewe uliyasikia kwa nani?"

Shangazi alichomoa pasi kwenye umeme, na mtu anayechomoa pasi katikati ya sketi ana jambo la kusema.

"Sikuyasikia kwa mtu," alisema. "Sisi ndio tulioyasema. Ngoma ni yetu. Tuliianzisha ghalani."

"Ghala gani?"

"La maharage, pale karibu na reli, kabla hujazaliwa. Tulikuwa wanawake wanane, zamu ya asubuhi, meza moja ndefu. Unainama, unaokota bovu kwa vidole viwili, unalitupa nyuma ya bega la kushoto, kwenye karai. Unainama tena. Ikifika saa nne mgongo umekuwa ubao. Mrefu wetu mmoja tulimwita Twiga. Huyo ndiye aliyeanza kuimba huku akitupa, mwingine akampokea. Mwezi haukuisha tukawa na ngoma."

Mkasi alikuwa anaikumbuka makala neno kwa neno. "Lakini pale pa kuinama pameandikwa ni heshima kwa mizimu."

"Ni maharage."

"Na kutupa nyuma ya bega, kufukuza mikosi?"

"Maharage mabovu."

"Na kukanyaga visigino mara mbili? Wanasema ni kuiamsha ardhi ya mababu."

"Panya, mama. Ghala lile lilikuwa na panya wakubwa, hawana adabu. Ukikanyaga mara mbili wanarudi nyuma ya magunia."

Mkasi alihisi mbavu zinaanza kumtekenya, lakini akajikaza. "Na ule mwendo wa chifu? Mkono mmoja mgongoni, tumbo mbele, shingo inageuka polepole?"

Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja kama binti wa miaka ishirini. "Huyo ni msimamizi wetu."

Ikaja sasa sehemu iliyomtoa Shangazi kicheko usoni. Siku ya kufunguliwa ukumbi mpya wa mji, wale wanane walipanda jukwaani wakacheza, watu wakasimama juu ya viti kwa kushangilia. Mtangazaji akaja na kipaza sauti akauliza ngoma hii ni ya nani, ya tangu lini. Msimamizi alikuwa ameketi mstari wa mbele kabisa, na mke wake.

"Tungesemaje?" Shangazi aliuliza. "Tuseme ni ya ghalani, na mwenye tumbo ni yule pale? Tungefukuzwa kazi wote kabla makofi hayajaisha. Twiga akashika kipaza sauti akasema, 'Ni ya bibi zetu, ya tangu zamani sana.' Basi. Uongo ukaota miguu. Tukawa tunaalikwa huku na kule. Msimamizi akastaafu, ghala likafungwa, wenzangu wakahama, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mimi nikabaki na ngoma na uongo wake. Na watoto wanavyoinama kwa heshima vile, ungeanzia wapi kuwaambia wanaokota maharage?"

Barabarani mtu alipita na baiskeli isiyo na mafuta kwenye mnyororo. Mkasi alingoja ipite.

"Hakuna aliyewahi kuandika kuhusu nyinyi wakati ule?"

"Alikuja bwana mmoja wa gazeti na kamera, kabla ukumbi haujafunguliwa, mwaka ule daraja lilipokatika kwa mvua. Alitupanga tukapigwa picha. Sijui kama lilitoka. Gazeti lenyewe tungelinunua kwa pesa gani, na tulikuwa na watoto?"

Mkasi alivuta pumzi. Alimpenda mwanamke huyu kuliko mtu yeyote aliye hai, na alijua atakalosema litamuumiza. "Shangazi, ikibaki ilivyo, Jumatatu itafutwa, na itafutwa kwa haki. Ikisema ukweli, na ukweli ukapata ushahidi, inaweza kubaki. Lakini mimi sitaandika neno bila ruhusa yako. Uamuzi ni wako."

"Ukiandika ukweli, mimi nitakuwa nani?" Shangazi alisema taratibu. "Leo mimi ni mtunzaji wa urithi. Kesho nitakuwa kikongwe mwongo wa ghalani. Acha ifutwe."

"Hata mbuyu ulianza kama mchicha, Shangazi."

"Mbuyu haukumdanganya mtu." Akaichomeka tena pasi kwenye umeme. "Nina sketi saba zimebaki."

Mkasi alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Alijua angeweza kunyamaza tu na siku zikafika zenyewe. Lakini mtu wa masjala akisikia kuna faili lililopotea hali chakula kikashuka. Ijumaa aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda maktaba kuu, chumba cha magazeti ya zamani. Hakuwa na nia ya kuandika. Alitaka kujua tu, na kujua hakukatazwa na mtu.

Mkutubi wa chumba kile alikuwa mwanamume mwembamba mwenye glavu nyeupe na udadisi usio na breki. "Unatafuta mwaka gani?"

"Mwaka daraja lilipokatika."

Mkutubi hakushangaa, alikwisha kuulizwa mabaya zaidi. Alileta majalada matatu mazito yanayonuka vumbi na gundi. Mkasi alifungua ukurasa kwa ukurasa, mvua zikaanza, mto ukajaa, daraja likakatika. Wiki tano mbele, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la nyuzi za cherehani, walikuwepo. Wanawake wanane wamesimama mbele ya magunia, vitambaa kichwani, mmoja akiwapita wote kwa kichwa kizima. Juu yao palikuwa na maneno: "Wachambuzi wacheza, kazi yasonga." Mwandishi alieleza yote, vidole viwili, bega la kushoto, visigino. Kuhusu msimamizi hakusema kitu, na bila shaka waliomficha walikuwa wao wenyewe.

Macho ya Mkasi yalijaa machozi, na hakuyazuia. Alikuwa hajawahi kumwona shangazi yake akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Maharage?" alisema mkutubi, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake muda wote bila kukaribishwa. "Subiri." Akatoweka, akarudi na kitabu kinene cha mtafiti mmoja kuhusu wafanyakazi wa maghala. Nyuma, kwenye faharasa, palikuwa na neno ngoma, na kurasa mbili. Mtafiti alikuwa amemhoji msimamizi wa ghala la maharage, akiwa mzee amestaafu. Mkasi alisoma aya ya kwanza, kisha ya pili, kisha akacheka kwa sauti mpaka mkutubi, ambaye ndiye aliyekileta kitabu, akamwambia anyamaze.

Jumamosi asubuhi, siku ya sita, aliweka nakala mezani kwa Shangazi. "Sijaandika popote," alisema kabla hajaulizwa. "Nimeleta tu uone."

Shangazi alivaa miwani. Aliisogeza picha dirishani, akaikaribisha, akaiweka mbali, akaikaribisha tena. "Tazama Twiga," alisema. "Huyu alikuwa Kengele, akiimba utamsikia stesheni. Huyu alikuwa mjamzito na amejificha nyuma ya gunia asifukuzwe. Huyu tulikula naye kopo moja. Huyu wa mwisho anayeangalia pembeni ni mimi, natazama kama msimamizi anakuja."

"Sasa msikilize msimamizi," Mkasi akasema, akamsomea kitabu.

Msimamizi alikuwa amesema hivi: "Walidhani sijui. Yule mwenye tumbo ni mimi. Mke wangu alinitambua kabla yangu, akacheka mpaka akatoka nje ya ukumbi. Sikuwaambia kitu, kwa sababu tangu waanze kucheza, kazi ilikwenda vizuri na maharage mabovu yalipungua."

Shangazi aliuvuta ukurasa aone mwenyewe. Kisha kilipasuka kicheko ambacho Mkasi hakuwahi kukisikia katika nyumba ile, kicheko cha kupiga mapaja, cha kuvua miwani, cha kuomba maji. "Alijua!" Shangazi alisema akipata pumzi, akaipoteza tena. "Miaka hamsini! Tumedanganya nchi nzima kumkwepa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye peke yake aliyekuwa anajua!"

Kicheko kilipoisha aliendelea kuishika picha mapajani. Dole gumba lake lilipita juu ya nyuso moja moja, likirudi, likipita tena.

"Andika," alisema mwishowe. "Lakini watoto nitawaambia mimi. Wasije wakaambiwa na kompyuta."

Na akawaambia. Mchana uleule, kwenye uwanja wa shule, mabinti kumi na wawili wenye sketi za njano walisimama kwa mstari, Mwalimu kando yao na filimbi, na Shangazi akaeleza kila kitu, ghala, panya, Twiga, kipaza sauti. Hakujitetea wala hakulia. "Niliwadanganya," alisema, "na waliokuja kabla yenu niliwadanganya. Mnisamehe." Mwalimu alikuwa amegeuka rangi ya chaki yake. Mkasi, aliyekuwa pembeni, alisogea karibu na Shangazi. Kama kungetokea neno moja la dharau alikuwa tayari kulikata palepale.

Binti mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye mdomo kuliko wenzake, alinyoosha mkono. "Bibi, kwa hiyo pale kwenye chifu tunamwiga bosi?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Bosi mnene?"

"Mnene sana. Na anatembea kama ardhi ni ya baba yake."

Yule binti akaweka mkono mgongoni, akasukuma tumbo mbele, akageuza shingo. Wote walipasuka. Mwalimu naye alishindwa, filimbi ikamdondoka mdomoni. Walipocheza tena, heshima ya bandia ilikuwa imewatoka, wakawa wanainama kama watu wenye kazi, wanatupa kama watu waliochoka na maharage, na visigino vilivyokanyaga vilikuwa na nia kamili ya kutisha panya. Shangazi aliwazunguka akiwarekebisha. "Vidole viwili! Hilo ni harage, si kiazi!" Mwalimu alimsogelea Mkasi akasema kwa sauti ya chini kwamba anatamani kumpata yule Mkasi wa mtandaoni amshukuru. Mkasi alimwambia ameshampata. Ilimchukua Mwalimu muda kuelewa, kisha akaomba radhi kwa zile alama za mshangao.

Jumapili yote Mkasi aliketi kwenye meza ya chakula akiandika. Aliondoa karne nyingi, akaondoa mizimu, akaondoa ardhi ya mababu. Aliweka gazeti kwa ukurasa na tarehe, na kitabu kwa ukurasa. Kwa kuwa alikuwa ndugu wa mtu, hakuyaingiza mwenyewe kwenye makala. Aliweka rasimu kwenye ukurasa wa mjadala akaomba mhariri asiye na uhusiano aipime.

Aliyeipima ni Tanbihi. Alimtesa Mkasi, akaufungua ukurasa mara kumi usiku ule. Jumatatu asubuhi jibu lilikuwepo: "Nimekwenda maktaba ilipofunguliwa asubuhi hii, gazeti nimeliona. Kitabu ninacho. Vyanzo viwili huru, vyenye kina, na havinakiliani. Nimehamishia rasimu kwenye makala. Nabadili msimamo: Ibaki. Nimejaribu pia hatua za bega la kushoto jikoni kwangu, mgongo umekataa." Saa sita mchana mkabidhi alifunga mjadala kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa Ibaki.

Mkasi hakupiga simu. Alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa buluu, kompyuta kwapani. Njiani jambo moja lilimsumbua, na alipoketi alilitanguliza ili limtoke.

"Imebaki, Shangazi. Lakini majina yenu hayamo. Gazeti halikuyaandika, kitabu hakikuyaandika, na neno lako peke yako kanuni haziruhusu. Jina lako nalo nimeliondoa pale juu palipoandikwa umeirithi kwa mababu. Nisamehe."

"Soma," Shangazi alisema.

Mkasi alifungua, akasoma: "Kitikiso ni ngoma iliyoanzishwa na wanawake wanane waliokuwa wachambuzi wa maharage."

"Wangapi?"

"Wanane."

Shangazi aliegemea kiti. "Unajua, kila waliponivika maua nilikuwa najiona nimekaa mezani nakula sahani za watu wanane. Watu wanashangilia, mimi natafuna. Wenzangu hawapo, na mimi ndiye niliyewaficha." Alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, bila haraka wala aibu. "Soma tena hapo."

Mkasi alisoma tena. Shangazi alifumba macho, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, midomo ikitaja majina ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mkono wa kulia ulijaa, akahamia wa kushoto. Alipofika wa nane alifungua macho.

"Tumo wote," alisema. "Haya, nenda katutengenezee chai."